Shajara ya mradi: kuchora utabiri wa barafu ya Bahari ya Aktiki kwa QGIS

Mei 2025

Mradi huu umeanza na swali linaloonekana dogo. Utabiri wa barafu ya bahari ya Aktiki hutolewa bure kila mwezi, na programu huria za kuchora ramani zipo tele. Je, mtu asiye na taasisi ya utafiti nyuma yake anaweza kuviunganisha viwili hivyo akapata ramani inayoonyesha mahali barafu inapotarajiwa kubaki mwezi Septemba, inapokuwa kidogo kuliko wakati wowote wa mwaka, pamoja na kiasi cha shaka kilichomo ndani ya matarajio hayo? Ramani nyingi za utabiri zina mstari mmoja mnene unaoizunguka bahari ile, ndani pameachwa peupe na nje pamepakwa buluu, na hakuna neno hata moja kuhusu shaka. Nahodha, mvuvi wa Bahari ya Barents au mkazi wa Utqiaġvik kule Alaska anayesoma ramani ya namna hiyo anaelezwa jambo kwa uhakika ambao modeli yenyewe, yaani programu ya kompyuta inayotoa utabiri, haina. Kuuondoa uhakika huo wa bandia ndilo lengo la mradi, na kila uamuzi utakaofuata utapimwa kwa lengo hilo.

Mwaka huu swali lina uzito wa pekee. Tarehe 22 Machi barafu ilifikia kilele chake cha majira ya baridi, na kilele hicho, kilomita za mraba milioni 14.33, ndicho kilichokuwa cha chini kuliko vyote hadi wakati huo tangu setilaiti zilipoanza kupima mfululizo mwishoni mwa mwaka 1978. Ni rahisi kudhani kwamba Septemba nayo itavunja rekodi, lakini mambo hayaendi hivyo. Barafu inayopungua pembezoni wakati wa baridi, kama ile ya Bahari ya Okhotsk na Bahari ya Bering, huyeyuka yote kiangazi kwa vyovyote vile, kwa hiyo kukosekana kwake mwezi Machi hakusemi mengi kuhusu kitakachobaki karibu na Ncha ya Kaskazini miezi sita baadaye. Mfano mzuri wa ugumu huu ni miaka miwili iliyofuatana. Septemba 2012 wastani wa mwezi ulishuka hadi takriban kilomita za mraba milioni 3.6, chini sana ya tabiri nyingi zilizokuwa zimekusanywa kiangazi kile kutoka kwa vikundi mbalimbali vya watafiti. Septemba 2013 wastani ukapanda tena kupita milioni 5, na safari hii tabiri nyingi zilikuwa chini mno. Mwelekeo wa muda mrefu unajulikana, kwani eneo la Septemba limekuwa likipungua kwa takriban asilimia 12 kila muongo ukilinganisha na wastani wa 1981 hadi 2010. Kinachosumbua ni mwaka mmoja mmoja.

Zana zimeshachaguliwa. Programu kuu ni QGIS, ambayo Gary Sherman aliianzisha mwaka 2002 na ambayo leo inaendelezwa na jumuiya ya watu wa nchi nyingi. Chini yake zinafanya kazi GDAL, inayosoma na kugeuza mafaili ya rasta, yaani gridi za seli ambazo kila moja ina thamani yake, na PROJ, inayohesabu projeksheni, yaani namna ya kuutandaza uso wa dunia kwenye ramani bapa. Mipaka ya nchi kavu inatoka Natural Earth, mkusanyiko wa data za ramani za dunia. Zote ni huria, na jambo hili kwangu lina maana kubwa zaidi ya kuokoa gharama: ramani inayodai kuonyesha shaka inapaswa kuweza kurudiwa hatua kwa hatua na mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida, ili anayeitilia mashaka ajihakikishie mwenyewe.

Mei, baada ya kukusanya data

Data za aina mbili zimeshapakuliwa. Ya kwanza ni vipimo vya setilaiti kutoka Kituo cha Taifa cha Data za Theluji na Barafu cha Marekani, NSIDC, kilichoko Boulder, Colorado. Ya pili ni utabiri wa majira wa SEAS5, unaotengenezwa na Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa na kutolewa kwa umma kupitia huduma ya Copernicus. SEAS5 hutazama miezi saba mbele, na kila mwezi hutoa tabiri sambamba 51: modeli ni ileile, lakini kila utabiri huanza na hali iliyotofautishwa kidogo, ili tofauti zinazojitokeza baadaye zionyeshe ni kiasi gani hatujui.

Setilaiti hupima mionzi ya mikrowevu inayotoka baharini. Maji na barafu hutoa mionzi hiyo kwa viwango tofauti, na mawingu au giza la miezi mingi la majira ya baridi havizuii kipimo hicho, jambo ambalo picha za kawaida haziwezi. Kinachopatikana ni msongamano, yaani sehemu ya kila seli ya gridi iliyofunikwa na barafu. Kwa desturi ya fani hii, seli yenye msongamano wa asilimia 15 au zaidi huhesabiwa yote kuwa ina barafu, na jumla ya seli hizo ndiyo huitwa eneo lenye barafu. Hilo ni tofauti na eneo la barafu yenyewe, ambalo hupatikana kwa kuzidisha ukubwa wa kila seli na msongamano wake, na ambalo daima ni dogo zaidi. Takwimu za magazeti mara nyingi huchanganya hayo mawili, kwa hiyo kila ramani ya mradi huu itaandikwa ufunguo unaosema wazi ni lipi limechorwa.

Faili la NSIDC la kila siku lina mambo yake. Thamani zake huanzia 0 hadi 1000, ambapo 152 ni msongamano wa asilimia 15.2. Zaidi ya hapo kuna namba ambazo si vipimo: 2510 ni duara lililo juu ya Ncha, ambalo njia za setilaiti hazilifikii, 2530 ni ukingo wa pwani, 2540 ni nchi kavu, 2550 ni data iliyokosekana. QGIS haijui tofauti hiyo mpaka ielezwe. Faili likigeuziwa projeksheni nyingine kwa njia ya wastani wa pikseli (yaani seli) jirani kabla namba hizo hazijatolewa, maji matupu yenye thamani 0 huchanganywa na pwani yenye 2530, na mchanganyiko wa sita kwa moja hutoa takriban 361, yaani asilimia 36 ya barafu mahali ambapo hakuna hata kipande. Matokeo yake ni utepe wa barafu isiyokuwapo unaofuata pwani yote ya Siberia na Norwei. Kwa hiyo mpangilio wa kazi umewekwa hivi na hautabadilika: kwanza namba zote zinazozidi 1000 zinafanywa tupu, ndipo faili linageuziwa projeksheni.

Utepe unaofanana na huo unaweza pia kutoka kwenye setilaiti yenyewe, kwa sababu kipimo cha seli ya pwani hubeba mionzi ya nchi kavu pamoja na ya maji, na nchi kavu kwa mikrowevu hufanana kwa kiasi na barafu. NSIDC huchuja sehemu kubwa ya athari hiyo kabla ya kutoa faili. Ni muhimu kuzijua sababu zote mbili, kwa kuwa dawa ya moja haiponyi nyingine.

Mwishoni mwa Mei

Siku hizi zimekwenda kwenye projeksheni, na hazikupotea bure, kwa sababu uamuzi huu unagusa kila hesabu itakayofuata.

Sisi tuliozoea kuchora ramani za Tanzania kwa mfumo wa viwianishi wa Arc 1960 na UTM kanda ya 37 Kusini tumelelewa katika hali ambamo projeksheni ikishachaguliwa husahaulika. Karibu na Ncha haisahauliki. Projeksheni ya ramani za kawaida za intaneti hukoma kwenye latitudo ya nyuzi 85 na kitu, hivyo kitovu chote cha Bahari ya Aktiki hakimo ndani yake. Ramani ya latitudo na longitudo zilizonyooshwa hugeuza Ncha, ambayo ni nukta moja, kuwa mstari mrefu kama ikweta.

NSIDC hutumia projeksheni ya stereografia ya ncha, ambayo vipimo vyake ni sahihi kwenye latitudo 70. Umbo la pwani huonekana vizuri sana humo, ila ukubwa haulingani. Seli inayoitwa ya kilomita 25 kwa 25 ingepaswa kuwa na kilomita za mraba 625. Iliyoko kwenye Ncha ina takriban 664, na iliyoko kwenye pembe ya mbali kabisa ya gridi, kusini karibu na latitudo 31, ina takriban 382 tu. Anayehesabu eneo kwa kuzidisha idadi ya pikseli na 625 atapunguza barafu ya katikati na kuongeza ile ya pembezoni. NSIDC hutoa faili la ukubwa halisi wa kila seli kwa ajili hiyo, na njia hiyo ni halali kabisa.

Njia iliyochaguliwa hapa ni nyingine: kila kitu, vipimo na utabiri, kinapelekwa kwenye EASE-Grid 2.0 ya Kaskazini, yenye namba EPSG:6931 katika orodha ya kimataifa ya projeksheni. Ni projeksheni inayolinda ukubwa, kwa hiyo seli ya kilomita 25 ina kilomita za mraba 625 popote ilipo, na zana ya kawaida ya QGIS ya kuhesabu pikseli inatosha. Maumbo ya kusini hubonyea kidogo. Kwa kuwa swali la mradi ni barafu iko wapi na ni kiasi gani, gharama hiyo inakubalika.

Jambo dogo la kuona: poligoni (maumbo yaliyofungwa) za nchi za Natural Earth zimekatwa kwenye longitudo 180, na kwenye ramani ya ncha mkato huo huonekana kama mstari unaopita katikati ya Chukotka na Kisiwa cha Wrangel, mithili ya mpaka wa nchi. Kuunganisha poligoni kwa zana ya kuyeyusha mipaka baada ya kugeuza projeksheni huuondoa.

Juni

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote.

Utabiri wa SEAS5 hutolewa kwa gridi ya nyuzi moja kwa moja. Kwenye latitudo 80 seli ya gridi hiyo ina urefu wa kilomita 111 kutoka kusini hadi kaskazini lakini upana wa kilomita 19 tu, na kadiri unavyokaribia Ncha seli zinabanana kama vipande vya chungwa lililokatwa katikati. Programu inaweza kulainisha seli hizo zikaonekana kama data ya kilomita 25, na ramani ingependeza zaidi. Nimekataa kufanya hivyo. Kulainisha huko kungeongeza umbo la ghuba na rasi za barafu ambazo modeli haikuzitabiri, na msomaji hana njia ya kujua kwamba zimetoka kwenye hesabu ya kujaza nafasi. Ngazi za seli zinabaki zikionekana, kwa sababu ndizo data.

Baada ya hapo lilikuja suala la kuzigeuza tabiri 51 kuwa ramani moja. Njia nyepesi ni kuchukua wastani wa msongamano wa tabiri zote, kisha kuchora mstari wa asilimia 15 kama inavyofanywa kwa vipimo vya setilaiti. Tuitazame seli moja ili tuone kinachotokea. Tuseme tabiri 10 kati ya 51 zinaipa seli hiyo msongamano wa asilimia 80, na 41 zilizobaki zinasema hapatakuwa na barafu kabisa. Wastani ni 10 mara 80 gawanya kwa 51, yaani karibu asilimia 15.7. Seli inavuka kiwango, inapakwa nyeupe, na ramani inatangaza kwamba pana barafu, ilhali tabiri nne kati ya kila tano zimesema hapana. Hakuna hata utabiri mmoja uliosema asilimia 15.7, ni hali ambayo modeli haikuitarajia popote.

Mpangilio ukigeuzwa, tatizo hilo linaondoka. Kila utabiri unapitishwa kwanza kwenye kiwango cha asilimia 15 peke yake, ukapata 1 palipo na barafu na 0 pasipo nayo. Kisha rasta hizo 51 zinajumlishwa na kugawanywa kwa 51. Seli ileile sasa inapata asilimia 19.6, na namba hiyo inasomeka bila mkalimani: kwa mujibu wa modeli hii, uwezekano wa kukuta barafu hapa mwezi Septemba ni kama mmoja kati ya mitano. Katika QGIS hatua ya kwanza hufanywa na kikokotoo cha rasta na ya pili na zana ya takwimu za seli, na zote mbili zimefungwa ndani ya mchoro mmoja wa uchakataji ambao hupokea faili la mwezi na kutoa ramani ya uwezekano bila kuguswa katikati.

Ramani ya kwanza ya aina hiyo, iliyotokana na utabiri ulioanza mwezi Mei, inaonyesha vizuri kwa nini mstari mmoja hautoshi. Kaskazini mwa Greenland na mwa visiwa vya Kanada, ambako ndiko barafu nene na ya miaka mingi husukumwa na kurundikana, uwezekano uko karibu na kilele chake. Karibu na pwani za Bahari ya Barents na ya Kara uko karibu na sifuri. Kati ya pande hizo mbili kuna ukanda mpana, hasa upande wa Bahari ya Siberia ya Mashariki na Bahari ya Beaufort, ambamo tabiri 51 zinabishana. Ukanda huo ndio habari yenyewe. Anayetaka kujua kama njia ya meli itafunguka katika bahari hizo anapaswa kuuona upana wake.

Utabiri unaoanza kabla ya mwanzo wa kiangazi una udhaifu unaojulikana sana na wataalamu: uwezo wake wa kuiona Septemba ni mdogo, na huongezeka kwa haraka tabiri zinapoanza Juni na kuendelea, baada ya uyeyukaji kuanza na hali ya barafu kuwa imeshachukua mwelekeo. Kwa hiyo ramani za Mei, Juni, Julai na Agosti zitawekwa pamoja katika mradi mmoja, kila moja ikiwa na mwezi wake wa kuanzia ulioandikwa kwa herufi kubwa, ili zisichanganywe kamwe.

Julai

Mwishoni mwa Juni ilitolewa taarifa Marekani kwamba usambazaji wa vipimo vya mikrowevu kutoka setilaiti za kijeshi za DMSP, ambavyo NSIDC imevitegemea kwa miongo mingi, ungesitishwa karibu mara moja. Tarehe ikasogezwa hadi mwisho wa Julai, kisha uamuzi ukabadilishwa na data zikaendelea kutolewa. Wiki hizo zilikuwa za wasiwasi wa kweli kwa kila anayefuatilia barafu. Thamani kuu ya kumbukumbu hizi ni kwamba zimepimwa kwa namna moja tangu zama za setilaiti ya Nimbus-7, na pengo la miezi michache haliwezi kujazwa baadaye. Mradi umechukua tahadhari ya kuongeza chanzo cha pili, yaani ramani za Chuo Kikuu cha Bremen zinazotokana na kipimaji AMSR2 cha setilaiti ya Japani. Seli zake ni za kilomita 6.25, ndogo zaidi, kwa hiyo kabla ya kulinganishwa na chochote zinakusanywa kwanza hadi kilomita 25.

Vyanzo vyote viwili vina jambo ambalo lazima lisemwe kwenye ufunguo wa ramani za kiangazi. Jua linapoyeyusha theluji iliyo juu ya barafu, mabwawa ya maji hutanda juu yake, na kipimaji cha mikrowevu hakiwezi kutofautisha bwawa lililo juu ya barafu na bahari iliyo wazi. Kwa hiyo msongamano wa Julai husomeka mdogo kuliko ulivyo. Mstari wa asilimia 15 hauathiriki sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya kiwango hicho kupendwa, lakini ramani ya msongamano wa ndani inapaswa kusomwa kwa uangalifu.

Kazi ya mwezi huu ilikuwa kuchora kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye thamani sawa, za uwezekano wa asilimia 20, 50 na 80 juu ya seli. Zikichorwa kwenye gridi ya asili, kontua hukatika zote kwenye longitudo sifuri, kwa sababu seli ya mwisho ina kitovu chake kwenye 359.5 na ya kwanza kwenye 0.5, na programu haijui kwamba hizo mbili ni majirani. Mkatiko huo unaangukia pabaya: longitudo sifuri inapita katika Bahari ya Greenland na Mlango wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard, ambako ndiko barafu nyingi ya Aktiki hutoka kuelekea Atlantiki na ambako ukingo wake hufuatiliwa kwa karibu sana. Kontua zikichorwa baada ya data kupelekwa EPSG:6931, mshono unatoweka, kwani kwenye gridi hiyo hakuna mwanzo wala mwisho wa longitudo.

Agosti

Rangi zimeamuliwa. Bahari yenye uwezekano wa sifuri ni buluu iliyokolea, na rangi hupauka kwa hatua hadi nyeupe palipo na uhakika wa barafu, kwa kufuata mfululizo wa rangi uitwao ice katika mkusanyiko wa cmocean, uliotengenezwa mahsusi kwa data za bahari ili mabadiliko sawa ya thamani yaonekane kama mabadiliko sawa ya mwanga. Nchi kavu yote ni kijivu, pamoja na Greenland. Wako wangependa kuiona Greenland nyeupe, kwa kuwa imefunikwa na barafu kweli, lakini ile ni barafu ya nchi kavu iliyotokana na theluji, haimo katika utabiri huu, na ikipakwa nyeupe jicho litaiunganisha na ya baharini. Rangi nyekundu haitumiki popote. Ukanda wa shaka si hatari wala kosa, na haupaswi kupigiwa kengele.

Kwa upande wa muda, kidhibiti cha wakati kilichoongezwa katika QGIS toleo la 3.14 mwaka 2020 kimerahisisha mambo. Kila rasta inapewa tarehe yake ya kuanza na kuisha, kisha programu inazionyesha kwa mpangilio na kutoa picha moja moja zinazoweza kuunganishwa kuwa video kwa programu ya FFmpeg. Filamu ya uwezekano wa Septemba ulivyobadilika kutoka utabiri wa Mei hadi wa Agosti inaeleza jambo ambalo picha nne zilizopangwa kando kwa kando hazilielezi vizuri, yaani ukanda wa shaka unavyosinyaa pande fulani na kukaidi pande nyingine.

Nimeongeza pia, kwa kulinganisha, utabiri wa muda mfupi wa mfumo wa TOPAZ, uliojengwa na Kituo cha Nansen cha Bergen na unaoendeshwa pamoja na Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwei. Huo hutazama siku 10 tu mbele kwa seli ndogo za kilomita chache, na katika muda huo mstari wa ukingo una haki zaidi ya kuchorwa, kwa sababu upepo wa siku zijazo unajulikana kwa kiasi. Upepo ndio unaotenganisha aina hizi mbili za utabiri. Mapema Agosti 2012 dhoruba kubwa iliyozaliwa Siberia iliingia katikati ya Bahari ya Aktiki, na tarehe 6 mgandamizo wa hewa kwenye kitovu chake ulishuka hadi hektopaskali 966. Iliivunjavunja na kuitawanya barafu ambayo tayari ilikuwa nyembamba, wiki chache kabla ya rekodi ya Septemba ile. Hakuna utabiri unaoanza Mei unaoweza kuiona dhoruba fulani ya Agosti. Unachoweza ni kuwa na tabiri 51 ambazo baadhi yake zina dhoruba na nyingine hazina, na hiyo ndiyo maana halisi ya upana wa ukanda ule.

Oktoba 2025

Barafu ilifikia kiwango chake cha chini cha mwaka tarehe 10 Septemba, kilomita za mraba milioni 4.60. Rekodi ya 2012 haikukaribiwa, licha ya kilele cha Machi kuwa cha chini kuliko vyote. Hata hivyo kiwango hicho kiko ndani ya mfululizo uleule wa huzuni: kila kiwango cha chini tangu 2007 kimekuwa chini ya vyote vilivyopimwa kabla ya mwaka huo. Bahari iliyo wazi hurudisha angani takriban asilimia 6 tu ya mwanga wa jua, ilhali barafu yenye theluji hurudisha sehemu kubwa ya mwanga huo, kwa hiyo kila kilomita ya mraba inayobaki wazi kiangazi humeza joto ambalo huchelewesha kuganda upya.

Sasa ramani zinaweza kupimwa. Kulinganisha jumla peke yake kungekuwa kipimo dhaifu mno. Chukulia utabiri unaoweka kilomita za mraba 300,000 zaidi katika Bahari ya Beaufort na kupunguza 300,000 katika Bahari ya Laptev: jumla italingana kabisa na kipimo cha setilaiti, na ramani itakuwa imekosea pande zote mbili. Kipimo kilichopendekezwa na Helge Goessling na wenzake mwaka 2016 hujumlisha maeneo yaliyozidishwa na yaliyopunguzwa bila kuyaacha yafutane, na kwa mfano huu kingetoa kosa la 600,000. Ndani ya QGIS ni kazi ya mistari miwili ya kikokotoo cha rasta: palipo na uwezekano unaozidi asilimia 50 lakini setilaiti haikuona barafu, na kinyume chake. Kwa kuwa kila kitu kiko EPSG:6931, idadi ya pikseli inazidishwa na 625 na kazi imekwisha.

Kipimo hicho hata hivyo kinaurudisha mstari mmoja wa asilimia 50, ambao mradi ulitaka kuuepuka. Kwa hiyo kimeongezwa alama ya Brier, iliyobuniwa mwaka 1950 kwa ajili ya kupima utabiri wa hali ya hewa unaotolewa kwa uwezekano. Kwa kila seli, kilichotokea huandikwa 1 au 0, uwezekano uliotabiriwa hutolewa kutoka humo, na tofauti hupigwa mraba. Seli iliyotabiriwa kwa asilimia 90 na ikakosa barafu hupata 0.81, iliyotabiriwa kwa asilimia 55 ikakosa hupata takriban 0.30. Utabiri uliokiri shaka unahukumiwa kwa upole kuliko uliojigamba, na hivyo ndivyo ramani hizi zilivyokusudiwa kusomwa. Ramani ya alama hizi inachapishwa kando ya kila ramani ya uwezekano, kwa skeli ileile na projeksheni ileile, hata pale inapoonyesha kwamba modeli ilikosa.

Faili la mradi, mchoro wa uchakataji na mitindo ya rangi vimewekwa pamoja katika kifurushi kimoja, bila data zenyewe, kwani kila anayevitumia anapaswa kuzipakua kutoka kwa wanaozitoa ili apate matoleo yaliyosahihishwa. Hatua inayofuata ni unene. Sehemu kubwa ya kumbukumbu ambayo barafu hubeba kutoka majira ya baridi hadi kiangazi imo katika unene wake, na setilaiti ya CryoSat-2, iliyorushwa Aprili 2010, huupima kuanzia Oktoba hadi Aprili, wakati mabwawa ya juu ya barafu yameganda na hayasumbui kipimo. Tabaka la unene wa Aprili litawekwa chini ya ramani ya uwezekano ya Mei ijayo, lionekane kwa kivuli tu, ili msomaji aone ni wapi modeli inashikilia barafu nene na ni wapi inabahatisha juu ya barafu ya msimu mmoja.